Chelel Hataki Mashairi

Chwaa. Chwaa. Chwaa.

Kabla sijafungua macho nilijua ndoo bado ni tupu. Maziwa yakigonga bati la chini hulia hivyo, makali; yakiongezeka, sauti huwa nzito na ya povu. Nikavuta blanketi hadi masikioni. Ndipo ikaja sauti ya pili kutoka upande ule ule wa zizi, sauti ndogo ya mtoto, ikitembea polepole kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Utumbo mdogo... una urefu... wa ka... ka..."

Chwaa ikakoma. Kimya. Ng'ombe akapiga kwato.

"Usisimame," nikamsikia mama yangu akinong'ona. "Anakusubiri."

"Wa ka-ri-bu. Wa karibu mita sita!"

Chwaa, chwaa, chwaa.

Watu wengine huamshwa na jogoo. Mimi, Aron, mtu ambaye harusi tatu mfululizo kutoka hapa hadi Sotik zilisimamisha muziki ili nighani beti zangu, niliamshwa na utumbo mdogo. Nikavaa gamubuti nikatoka kwenye ukungu kwenda kuuliza ni nani aliyeruhusu darasa lingine lifunguliwe katika boma ambalo tayari lilikuwa na mwalimu.

Mwalimu mwenyewe nilikuwa mimi, na ilikuja hivi.

Kwetu ni chini kidogo ya Mogogosiek. Ukisimama mlangoni unaona majani chai mpaka macho yachoke, na nyuma ya kilima moshi wa kiwanda. Muhula ule walimu waligoma. Shule ikafungwa kwa kufuli, na vitabu vya serikali vikafungiwa stoo pamoja na mpira na kengele. Watoto wakatawanyika. Wengine waliingia chai na vikapu mgongoni, wengine walishinda kituo cha kupimia chai wakingoja lori la majani pamoja na wazee, wakijifunza maneno ambayo hayamo katika silabasi yoyote.

Chepngeno, binti wa kaka yangu Kimeli, alikuwa Gredi ya Sita. Mama yake yuko Saudia kwa mkataba, kwa hivyo analelewa na mama yetu, ambaye kijiji kizima humwita Kogo, yaani nyanya. Kimeli ni supavaiza katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho, na huja nyumbani kwa nadra. Kazi yake ni kutazama. Anasimama mwisho wa mstari, anatazama kikapu, na mchumaji aliyechanganya jani gumu huanza kulitoa mwenyewe kabla hajaambiwa neno. Shida ni kwamba macho hayo hayaachi kazini. Huja nayo.

Alipokuja mwanzoni mwa mgomo alimkuta binti yake juu ya mti wa mapera akirushia kuku mbegu. Hakupiga kelele. Alimtazama tu, na mtoto akashuka. Kisha wakati wa chakula akatoa hukumu. Dada yetu Joan wa Sotik alikuwa amejifungua, na duka lake la nguo halikuwa na mtu wa kushika mtoto. Ikiwa shule haipo, Chepngeno aende akasaidie huko. Kogo akasema mtoto anaweza kusoma nyumbani. Kimeli akasema vizuri, basi asome. Mwisho wa mwezi atarudi, atampa ukurasa mmoja, na akiusoma bila kukwama, atabaki. Akikwama, Sotik, mpaka shule zifunguliwe.

Sote tulijua maana ya "mpaka shule zifunguliwe." Binti wa jirani yetu Monicah alipelekwa Chepilat kwa shangazi kwa majuma mawili wakati wa mgomo uliopita. Shule zilifunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena, na binti bado yuko Chepilat anakaanga chipsi. Chepngeno alijua hivyo kuliko sisi wote, kwa sababu binti huyo alikuwa rafiki yake wa dawati moja. Hakulia. Aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nikajitolea. Nilisema mbele ya Kimeli kwamba mtu aliyejifunza mizani na vina peke yake, bila mwalimu wala kiboko, hawezi kushindwa na mtoto wa Gredi ya Sita. Kimeli akanitazama. Mimi sikuwa mchumaji wake, nikamtazama pia.

Kitabu tulipata kimoja tu, cha sayansi, na ni cha jirani yetu Quinter. Yeye na mumewe Oketch walikuja kutoka kando ya ziwa kufanya kazi kiwandani, na huwa wananunulia watoto vitabu vyao wenyewe kwa sababu hawaamini stoo ya mtu. Quinter alituazima kwa masharti: kisiguswe na mikono ya mafuta, kisikalishwe karibu na jiko, na mimi nisiandike mashairi yangu pembezoni.

Nilianza na mfumo wa kumeng'enya chakula. Niliutungia ubeti, na ni ubeti ambao siuonei haya hata leo:

*Chakula kikitafunwa, kooni huteremka,*
*Tumboni kikichanganywa, kwa asidi huyeyuka,*
*Utumboni kikifyonzwa, damuni ndimo hufika,*
*Mabaki yasiyopendwa, nyuma ndiko hutoroka.*

Hebu hesabu mizani. Hakuna iliyopungua. Chepngeno aliushika kabla chai haijapoa. Kesho yake watoto wote wa kituo cha chai walikuwa wakiuimba, na mstari wa mwisho waliuimba kila mara karani wa mizani alipowageuzia mgongo. Karani alikuja kunilalamikia. Nilimwambia hiyo ni sayansi.

Kwa wiki nzima nilitembea kama mtu aliyemaliza mgomo peke yake. Chepngeno alinisomea ukurasa baada ya ukurasa, kidole chini ya mstari, sauti safi. Kisha siku moja nikamchokoza kidogo. Alipofumba macho kupiga chafya nilikipindua kitabu, miguu juu kichwa chini. Akafungua macho, akaweka kidole mahali pake, na akaendelea kusoma vizuri kabisa.

Nikamwuliza anasoma nini. Akasema, ukurasa. Nikamwonyesha picha ya mtu ambaye tumbo lake lilikuwa juu na miguu yake ikielekea mbinguni. Akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka.

Hivyo ndivyo nilivyojua siri ambayo hata walimu wake hawakuijua. Mtoto huyu alikuwa na sikio kali, na alikariri badala ya kusoma. Zack, mtoto wa Quinter, alipokichukua kitabu jioni na kukisoma kwa sauti uani kwao, yeye alikidaka kupitia ua. Darasani alingoja wenzake wasome kwanza, kisha akarudia. Zamu yake ikija kwanza, mbele ya macho ya watu, ulimi ulimganda na darasa likacheka, basi akajitafutia njia ya pembeni. Na mimi, kwa utamu wa beti zangu, nilikuwa nimempanulia njia hiyo hadi ikawa barabara.

Nilimwambia Kogo jambo hilo tukiwa shambani. Aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akitupa nyuma ya bega bila kutazama. Mwishoni akauliza tu kama kitabu cha Mama Zack kinaweza kuingia zizini bila kuharibika.

Sasa nirudi kwenye asubuhi ile ya ukungu.

Nilimkuta Kogo ameinama chini ya Chelel, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, na Chepngeno ameketi kwenye jerikeni mbele, karibu kabisa na pembe, tochi ya simu imebanwa kidevuni. Chelel maana yake ni mweupe, ingawa huyu wetu ana madoa meusi kama mtu aliyerukiwa na matope. Tangu ndama wake aachishwe alikuwa mgumu. Kwetu mkamuaji humwimbia ng'ombe, la sivyo maziwa hayashuki, na Kogo alidai kifua kimembana, sauti imekwisha, anahitaji mtu wa kumsaidia.

Nikauliza kwa nini basi mtoto asiimbe.

"Nyimbo zote Chelel anazijua," Kogo akasema. "Amechoka nazo. Anataka kitu kipya."

"Sayansi?"

"Mimi sijui inaitwa nini. Ni ya kitabuni. Lakini ona kiwele."

Kiwele kilikuwa laini kama shavu la mtoto. Chepngeno alisoma akikwaruzana na maneno, na kila alipokwama na kunyamaza, maziwa yalikata na Chelel akageuza kichwa kumtazama. Si jicho la kudharau. Ng'ombe hajui kwamba umekosea. Anajua tu kwamba umenyamaza. Basi mtoto alilazimika kulirukia neno, kulivunja vipande, kulitoa hata kama limepinda, kisha kulirudia limenyooka. Hakuna aliyecheka. Na hakukuwa na Zack wa kumtangulia, kwa sababu sasa kitabu kililala kwetu, na saa hiyo Zack alikuwa anakoroma.

Wakafanya hivyo asubuhi na jioni. Kogo akawa mkali ajabu kuhusu mambo madogo. Redio isiwashwe karibu na zizi. Yeye mwenyewe, ambaye huongea na ng'ombe kuliko anavyoongea na watu, akawa bubu wakati wa kukamua. Jirani akipita na kusalimia, alimpungia mkono anyamaze. Siku mbwa alipobweka alimrushia kandambili. Ni sauti ya Chepngeno peke yake iliyoruhusiwa kufika kwenye masikio yale. Nilidhani ni uzee.

Nilivumilia kadiri mtu wa heshima anavyoweza kuvumilia. Lakini jioni moja Chepngeno alikuwa ameenda kwa Quinter kubadilisha kitabu, maana walishamaliza cha sayansi na sasa walitaka cha kilimo, na kukamua kukachelewa. Nikamwambia Kogo akae, mimi nitashughulika na Chelel. Kama mnyama huyu anapenda utumbo mdogo uliosomwa kwa kigugumizi, nikasema, ngoja asikie lugha iliyopigwa pasi.

Nikasimama mbele yake, mkono mmoja kifuani. Nilianza na ule wa harusi ya Kapkatet, uliowaliza akina mama. Chelel akaacha kutafuna. Nikajua nimempata. Nikapandisha sauti kwenye kituo cha ubeti, na hapo akafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, ambayo sikujua ng'ombe anaweza. Mguu wa nyuma ulipeleka ndoo hadi kwenye ua. Mkia, ambao ulikuwa umetoka kulalia mahali pabaya, ulizunguka ukanipitia mdomoni kutoka sikio hadi sikio, katikati ya neno "mahabuba."

Quinter alikuwa amesimama langoni na jagi lake la maziwa. Alijaribu kuwa mtu mzuri. Aliweka jagi chini kwanza.

"Shemeji," akasema, "huyu amekupa vina."

"Mama Zack, ng'ombe hana sikio la ushairi."

"Ana mkia wa ushairi. Futa hapo, umebakisha mstari mmoja."

Siku ya pili habari ilikuwa imefika kituo cha chai kabla yangu. Karani wa mizani alinipokea kwa kunighania ubeti wangu mwenyewe, hasa mstari wa mwisho.

Lakini jambo ambalo lilipaswa kunishtua halikunishtua. Jioni ile ile ya mkia Kogo naye alijaribu, kwa mikono ambayo Chelel ameijua tangu akiwa mtamba, na hakupata hata tone. Chepngeno aliporudi na kufungua kitabu cha kilimo, maziwa yakamwagika. Kogo akaokota ndoo akiwa anatabasamu, kama mtu ambaye ugali wake umeiva vizuri. Mama aliyenyimwa maziwa na ng'ombe wake, anatabasamu. Nilikuwa nashughulika na kinyesi kwenye meno, sikuuliza.

Mwisho wa mwezi Kimeli akaja.

Ilikuwa Jumamosi, jioni, baada ya kukamua. Alikuja na begi jipya la buluu lenye zipu mbili, na sote tuliliona, na hakuna aliyeuliza ni la nani. Alisema pia kwamba kesho baada ya ibada wazee wa kanisa na mchungaji watakuja kuombea boma, yeye ndiye aliyewaalika, kwa hivyo chai iwe ya kutosha na mursik, maziwa yetu ya mgando, itoke. Kogo akasema mursik imekwisha, vibuyu ameviosha na kuvianika. Na maziwa ya jioni? Ameyauza yote kwa Mama Zack, hata ya chai ya nyumbani. Kimeli akashangaa. Kogo akamwambia asijali, Chelel yuko, asubuhi watakunywa mpaka wakatae.

Baada ya chakula Kimeli akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungia nyama. Akakinyoosha juu ya meza, akampa binti yake. Kisha akaegemea kiti, akamtazama.

Nilimwona Chepngeno akianza vizuri. Midomo ilishika herufi ya kwanza. Akainua macho kidogo tu, kuangalia kama baba anasikiza, na akakutana na yale macho ya mwisho wa mstari. Basi. Ulimi ukaganda. Tulisikia taa ya sola ikivuma, na mbu, na Kogo akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mimi nikaruka. Nilimwambia Kimeli kwamba hata wachumaji wake huwa hawatazamwi hivyo, kwamba mtoto anasoma, kwamba kila siku anasoma kurasa nzima. Akauliza nani amemsikia. Nikasema, Chelel. Sikuhitaji kuona uso wake kujua kwamba sikusaidia. Nikaongeza kwamba ubeti wa mmeng'enyo anaujua wote, nikaanza kuughani, na nilipofika mstari wa pili aliniomba nitoke nje.

Hukumu ilikuwa fupi. Pikapu ya mtu wa kabeji ingepita alfajiri ikielekea Sotik, na Chepngeno angepanda. Nilimgeukia Kogo nikitegemea vita. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza wakala wa ardhi kwa mwiko.

"Sawa," akasema. "Aende. Ila Kimeli, mikono inaniuma. Asubuhi ukamue wewe."

Ndipo nilipomchukia mama yangu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na chuki hiyo ilidumu mpaka kulipopambazuka.

Ukungu ulikuwa mzito hata lango halikuonekana kutoka zizini. Chepngeno alikuwa huko nje, amevaa sweta ya shule, begi la buluu miguuni, amekaa juu ya jiwe akingoja mlio wa pikapu. Nilikuwa nimekaa naye kidogo. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba chipsi si ngumu kukaanga, rafiki yake alimweleza kwa simu jinsi ya kujua mafuta yamepata moto. Nilishindwa kukaa. Nikaenda zizini nikiwa na hasira ya kupigana na mtu, yeyote.

Nikamkuta Kimeli anapigana na Chelel.

Alikuwa ameosha kiwele kwa maji ya moto, amepaka mafuta, amekaa kwenye kigoda kama inavyotakiwa. Anavuta, hakitoki kitu. Kiwele kimejaa hadi kinang'aa. Akaanza kuimba wimbo wa kukamulia, ule wa marehemu baba yetu, na Kimeli huimba vizuri, sitamnyima hilo. Chelel akatazama ukuta. Akajaribu tenzi za kanisani. Chelel akakojoa. Akamtazama kwa macho yale yanayotoa jani gumu kikapuni, na Chelel, wa kwanza katika wilaya nzima baada yangu, akamtazama vivyo hivyo na hakutoa chochote.

Kogo alikuwa ameketi kando kwenye ndoo iliyopinduliwa, akisugua sufuria kubwa ya chai. Aliisugua kama hana habari.

Kimeli akauliza ng'ombe huyu ana nini. Kogo akasema hana kitu, mzima kabisa. Kimeli akasema wazee wanakuja. Kogo akasema anajua, na akauliza kama aanze kuchemsha strungi.

Ni lazima ukae huku kwetu kujua neno hilo lina uzito gani. Mchungaji na wazee wa kanisa, katika boma la supavaiza, waketi kwenye viti vyenye vitambaa, wapewe chai nyeusi kama walio mahabusu. Angeweza kutuma mtu kwa jirani, ndiyo. Lakini kwenda kuomba maziwa huku ng'ombe wako amejaa hadi analia, na jirani anamsikia analia, hiyo ni habari ya kufika Kericho kabla yako.

Nikasema naweza kujaribu ubeti. Wote wawili walinijibu hapana, na Chelel akainua mkia.

"Kogo," Kimeli akasema, na sauti yake haikuwa ya supavaiza tena. "Huyu anataka nini?"

Kogo akaelekeza kidevu kwenye ukungu, upande wa lango.

"Anataka mwalimu wake. Yule pale, umemfungia begi."

Sikungoja kutumwa. Nilikimbia, nikamkamata Chepngeno mkono, nikamwambia Chelel anamwita. Aliangalia barabara, akaniangalia, akaacha begi pale pale kwenye jiwe. Kitabu cha kilimo alikuwa nacho ndani ya sweta. Alikuwa amekificha aende nacho Sotik, kitabu cha Mama Zack, mwizi mdogo.

Akaketi kwenye jerikeni, mgongo kwa baba yake, uso kwa ng'ombe. Akafungua palipokuwa pamekunjwa. Nilimwona Kimeli akifungua mdomo kusema kitu, na Kogo akamwinulia kidole kimoja. Kimeli akafunga mdomo, akainamisha kichwa kwenye ubavu wa Chelel, akashika chuchu.

Chepngeno akasoma. Ilikuwa ni habari ya kuhifadhi udongo kwenye miteremko. Neno la kwanza lilitoka na vumbi, la pili likiwa safi, na mstari wa tatu ulikuwa umeanza kukimbia. Chelel akapumua kwa nguvu kupitia puani, akashusha masikio.

Chwaa.

Kimeli alikamua. Chwaa, chwaa, bati likaanza kunyamaza na povu likaanza kupanda. Ukurasa ukaisha, ukaja mwingine. Chepngeno akakwama kwenye neno refu, maziwa yakakata, akalipasua vipande vinne, akalitoa, maziwa yakarudi. Nilitazama mgongo wa kaka yangu. Mabega yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo asiojua alikuwa ameubeba.

Ndoo ilipofika nusu, mkono wake mmoja ukaenda mfukoni. Akatoa kile kipande cha gazeti chenye doa la nyama, na bila kuinua kichwa akakipitisha chini ya shingo ya ng'ombe hadi magotini kwa mtoto.

"Msomee na hiki," akasema.

Chepngeno akakitambua. Akanyamaza, na Chelel akanyamazisha ndoo. Nikaona kidole cha mtoto kikitafuta mwanzo wa mstari. Kisha akamsomea Chelel gazeti: bei ya mbolea, mkutano wa wenye mashamba, mtu aliyepoteza kitambulisho. Kuna jina la dawa ya mimea ambalo mimi mwenyewe nisingelitamka bila kuketi kwanza. Alilikata, akalimeza, akapita. Ndoo ikajaa mpaka povu likamwagikia gamubuti za Kimeli.

Nje, pikapu ikapiga honi.

Hakuna aliyesogea. Ikapiga tena, ndefu. Kimeli akanitazama, na kwa mara ya kwanza hayakuwa macho ya kazi. Akaniambia niende nikamwambie mtu wa kabeji aendelee na safari, na nirudi na begi kabla ya umande kuliharibu. Nilienda nikikimbia, nikamwambia, na nikamghania ubeti mmoja bure.

Niliporudi, Quinter alikuwa amefika na jagi, na Kimeli alikuwa anamwuliza Kogo maswali kama mtu anayekagua shamba lililovunwa usiku. Tangu lini ng'ombe amekuwa hivi? Kwa nini redio ilizimwa? Kwa nini maziwa yote ya jioni yaliuzwa?

"Nilimzoesha sauti moja tu," Kogo akasema. "Ulinipa mwezi mzima. Chelel ni mwerevu, hakuhitaji hata nusu yake."

"Ulitaka niaibike mbele ya mchungaji?"

"Nilitaka ukae chini mahali ambapo huwezi kumtazama."

Quinter akasema walimu wako kwenye mazungumzo, amesikia redioni, huenda wakarudi wiki inayoanza. Kimeli akauliza, kwa woga wa kweli, shule zikifunguliwa nani atamsomea huyu mnyama. Kogo akajibu kwamba kukamua ni kabla ya shule na baada ya shule, kwa hivyo kazi hiyo itafanywa na aliye nayo, nyumbani, na si Sotik, na si Chepilat. Na mtu akitaka kumwondoa mtoto huyo hapa, aondoke na ng'ombe pia. Kuhusu Joan, akaongeza, Aron hana kazi asubuhi, na mtoto mchanga hana mkia.

Nililiacha lipite. Wakati mwingine mtu mkubwa huacha mambo yapite.

Kimeli akainuka na ndoo, kisha akaiweka chini tena. Chepngeno alikuwa bado anatazama shingo ya Chelel, akikunja gazeti, akilikunjua, akilikunja.

"Mwambie," Kogo akasema. "Ni mdomo wako uliomwambia aende."

Kimeli akarudi kwenye kigoda. Akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, macho chini, kama anakamua, ingawa kiwele kilikuwa tupu.

"Chepngeno," akasema, "huendi Sotik. Begi ni la shule. Nikiwa nyumbani nitakamua mimi, wewe utasoma, na ukifika mahali pagumu, sitakutazama. Nitangoja tu, kama Chelel."